Sitara ya mgonjwa, au sitara ya dhulma?

Tumelelewa kwamba mgonjwa husitiriwa. Hatangazwi, wala hapigwi picha akiwa hoi kitandani. Ndiyo maana nakiri kuwa nilipoiona video ya Dk. Susan Moore, moyo wangu ulikataa. Nilijiuliza, mama mtu mzima ajirekodi katika hali ile, mrija wa oksijeni puani, aonwe na dunia nzima?

Moore alikuwa daktari, mwanamke Mweusi wa jimbo la Indiana, Marekani. Alilazwa kwa Korona mwishoni mwa Novemba 2020. Katika video ile ya Desemba 4, alilalamika kwamba daktari aliyemtibu alipuuza maumivu yake na kumfanya ajione kama teja. Angekuwa Mzungu, alisema, asingetendewa hivyo. Aliruhusiwa kwenda nyumbani, na baada ya saa chache akalazwa hospitali nyingine. Alifariki Desemba 20, akiwa na miaka 52.

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humuumbua. Lakini huyu hakuficha. Alisema, akapuuzwa. Na faili la hospitali huandikwa na wenye hospitali, si na mgonjwa. Mwaka 2021 jopo la wataalamu wa nje lilisema tiba haikuchangia kifo chake, ila alikosa kuonyeshwa huruma. Ukubaliane nalo au usikubaliane, je, swali hilo lingeulizwa kama angenyamaza?

Na huyu alikuwa daktari, anayeijua lugha ya madaktari. Je, mwanamke mfagiaji? Je, binti aliyebaki nyumbani akimuuguza bibi yake na kulea wadogo zake? Nani aliandika habari zao? Mara nyingi wanawake walihesabiwa upande mmoja na Weusi upande mwingine, akapotea katikati yule aliye vyote viwili.

Sisemi kila mgonjwa aanikwe. Kumrekodi mtu bila ridhaa yake ni kumvunjia heshima, na maneno yake ni amana: yaandikwe kama alivyoyasema, bila kuongeza wala kupunguza. Lakini mwenye maumivu akichagua kusema, nasi tukamnyamazisha kwa jina la sitara, tuliyemsitiri si yeye. Tumemsitiri aliyemdhulumu.

Nilikosea kuinamisha macho siku ile. Aibu haikuwa yake.