Mwenye Fedha na Mwenye Mkono



Wahenga walisema ya kwamba mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Tena watu wawili wakishindana, yule mwenye nguvu twasema ameshika mpini, na mwenzake ameshika makali. Ukiyaweka maneno haya mawili pamoja waona jambo moja: makali hufanya kazi, lakini usalama wa mtu hukaa mpinini. Basi mwezi huu twapenda kuuliza hivi: fundi anayetengeneza kisu cha kuagizwa ana deni gani kwa mkono utakaokishika, hasa katika mambo ambayo mnunuzi hawezi kuyaona?

Kwanza tueleze kazi yenyewe, maana si wote waliopata kuketi karakanani. Bapa la kisu haliishi pale macho yetu yanapoishia. Nyuma yake kuna ulimi wa chuma uitwao msuka, nao huingia ndani ya mpini. Visu vingine vina msuka mpana kama mpini wenyewe, na vipande viwili vya mti au pembe hufungwa huku na huku kwa ribiti, hata ukingo wa chuma waonekana. Vingine vina msuka mwembamba uliozamishwa katika tundu la mpini na kufichwa kabisa. Mbele ya mpini huvikwa noleo, yaani pete ya madini izuiayo mti usipasuke. Na katika visu vya kuwindia, au vyovyote vinavyosukumwa kwa ncha, fundi huweka kikingio, kipande cha shaba au chuma kinachotokeza nje, ili vidole vyenye mafuta au damu visiteleze na kuufikia ubapa wenye makali.

Sasa tazameni ni mambo mangapi hufichwa hapo. Chuma hupashwa moto na kuzamishwa katika mafuta ili kiwe kigumu, na kikiwa kigumu hivyo huvunjika upesi. Kwa hiyo hupashwa tena kwa moto mdogo ili kipate ustahimilivu. Msuka wahitaji ustahimilivu kuliko ugumu. Tena pale msuka unapoungana na bapa, fundi akiacha pembe kali, ufa huanzia hapo. Yampasa kuizungusha kidogo kwa tupa. Tundu la kikingio nalo lapasa kukatwa polepole, kulipima na kulijaribu, mpaka kikingio kikae bila nafasi. Nafasi ikibaki, maji na chumvi na utomvu wa nyama huingia, na kutu hula msuka ndani kwa ndani wakati mpini wang'aa kwa nje. Mti nao sharti uwe umekauka. Hata mpingo, ulio mzito kiasi cha kuzama majini, ukifungwa mbichi utajikunja na kupasuka baadaye. Na gundi za kukauka polepole huhitaji kama saa 24 kushika barabara, tena juu ya chuma kilichokwaruzwa na kusafishwa mafuta yote.

Kila moja katika kazi hizi yaweza kurukwa, na siku ya kukabidhi kisu mnunuzi asijue. Nafasi ya kikingio yaweza kuzibwa kwa gundi iliyochanganywa na unga wa shaba uliotoka kwenye tupa, kisha ikapigwa msasa hata isionekane. Msuka uliokatwa mfupi ili kupunguza kazi hauonekani kabisa. Twasema kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza, lakini hapa kibaya kilichovikwa vizuri chajiuza vilevile.

Labda mtu atasema: kama kisu hakijavunjika, ni nani aliyedhulumiwa? Huenda kikadumu miaka 20. Twajibu kwamba mnunuzi amekwisha kudhulumiwa tangu siku ya kwanza. Alilipia kisu cha kutegemewa naye akapewa bahati nasibu. Iwapo bahati ikawa njema, hiyo haikutoka kwa fundi. Na ikawa mbaya, kisu huvunjika wakati mkono unapokisukuma kwa nguvu, ndipo mtu huumia zaidi. Kano za kidole zikikatwa, huenda kidole kile kisikunjike tena. Na kwa mshonaji au mkulima hiyo ni hasara ya maisha.

Mwingine atasema: fundi aweke alama yake, basi, na watu watamjua. Jambo hili ni jema na la zamani. Huko Sheffield, Uingereza, mji uliosifika kwa visu, chama cha mafundi kiliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1624, nacho kiliandikisha alama za mafundi ili kila mtu aipige yake juu ya kazi yake. Lakini alama hutuambia nani wa kulaumiwa baada ya damu kumwagika. Haifungui mpini. Mahali pale ambapo hapafikiwi na jicho la mnunuzi wala la mkaguzi, panabaki dhamiri ya fundi peke yake.

Wa tatu atasema neno lenye uzito zaidi: mteja ndiye mwenye fedha, na fundi hufanya aliloagizwa. Mteja akitaka mpini laini kama kioo, usio na kikingio, kwa sababu wapendeza, fundi ni nani hata akatae? Hapa yatupasa kupambanua. Ni kweli kwamba kutokuwa na kikingio si kosa siku zote. Visu vya jadi vya Ufini viitwavyo puukko kwa kawaida havina, kwa kuwa ni vya kuchongea miti zaidi kuliko kudungia. Kisu cha jikoni pia hakikihitaji. Kingegonga ubao wa kukatia, na kisigino kipana cha bapa chatosha kuvizuia vidole. Kwa hiyo hatusemi kila kisu kifuate kanuni moja. Twasema fundi aulize kwanza: kitafanya kazi gani, na ni nani atakayekishika?

Swali hili la pili ndilo kiini cha neno letu. Mara nyingi mwenye fedha si mwenye mkono. Mwenye bucha huagiza, na kijana wake ndiye akataye nyama toka alfajiri. Mwenye hoteli huchagua, na mpishi hushika. Baba hununua kisu cha zawadi, na mwanawe hukirithi. Mtu mzima akijichagulia kisu cha hatari kwa mkono wake mwenyewe, baada ya kuonywa waziwazi, twaweza kusema amejichagulia. Lakini hana ruhusa ya kuchagua hatari kwa niaba ya kijana asiyekuwapo wakati wa mapatano. Wala fundi hawezi kujificha nyuma ya fedha ya yule ili kumsahau huyu. Mteja wa namna hiyo akishikilia, fundi ana haki ya kukataa kazi, na twaona yampasa kukataa.

Je, na maskini asiyeweza kulipa bei kubwa? Twaona kuna njia ya haki. Fundi apunguze yanayoonekana, asipunguze yaliyofichika. Aache nakshi, aache shaba ya kung'arishwa, atumie mti wa kawaida mahali pa mpingo, aliache bapa na weusi wa moto. Kisu kitakuwa cha bei nafuu na sura ya kawaida, na mnunuzi aona kwa macho yake alichopunguziwa. Lakini urefu wa msuka, ukavu wa mti na saa za gundi visiguswe. Kuuza kitu duni kwa bei duni si dhambi, iwapo uduni wake umewekwa mezani.

Tusimwachie fundi mzigo wote. Sisi wanunuzi twamfundisha hila tunaposifu mng'aro tu, na tunapomwambia, "Nakihitaji kesho asubuhi." Kazi ya gundi haiishi kesho asubuhi. Tukienda kuagiza kisu, au mlango, au kitanda, tuulize: ndani mna nini? Umeunga vipi? Tungoje siku ngapi? Fundi mwaminifu hufurahi kuulizwa hivyo, maana ni mara chache mtu huitazama ile sehemu ya kazi aliyoihangaikia zaidi. Na tukimkuta wa namna hiyo, tumlipe ile saa isiyoonekana bila kunung'unika. Tusiseme "mbona ghali" kabla ya kufikiri ni vidole vya nani vitakavyokaa karibu na makali hayo.