Je, Asiyejua Hana Dhambi?

Katika mwaka 2019 waganga wa Marekani walipokea hospitalini watu wengi, hasa vijana, ambao mapafu yao yalikuwa yameharibika ghafula. Walikohoa, walibanwa vifua, na wengine hawakuweza kupumua pasipo msaada wa mashine. Wote walikuwa wamevuta mvuke wa sigara za umeme. Hata kufikia Februari 18, 2020, walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 2,807, na vifo 68 vilikuwa vimethibitishwa.

Wataalamu walichunguza majimaji ya mapafuni mwa wagonjwa 51. Katika 48 walikuta vitamini E asetati. Kitu hiki kikimezwa au kikipakwa ngozini, kwa kawaida hakidhuru. Lakini watu walikitia katika mafuta ya bangi ili yawe mengi na mazito, wapate faida zaidi. Wagonjwa walio wengi walikuwa wamevuta mafuta ya bangi, na mara nyingi waliyapata kwa rafiki, kwa ndugu, au kwa wachuuzi wa siri. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mchuuzi atajitetea: “Sikujua kwamba yanaua.” Je, udhuru huu wafaa mbele ya Mungu? Kanisa lafundisha kwamba asiyeweza kujua hana lawama. Bali asiyejishughulisha kuutafuta ukweli ana hatia ya kutojua kwake. Mchuuzi yule alijua kwamba mwenziwe ataivuta bidhaa yake mpaka ndani ya mapafu. Mbona hakuuliza kama ni salama? Labda atajibu kwamba wakati ule hata wataalamu walikuwa hawajajua. Hoja hiyo yamhukumu yeye mwenyewe: ikiwa wataalamu hawakujua, ni nani aliyempa ruhusa ya kuwajaribia wenziwe?

Atiaye maji katika maziwa avunja Amri ya Saba. Atiaye asichokijua katika pumzi ya jirani yake avunja na ya Tano pia. Naye avutaye hana budi kujihoji, maana uhai ni amana ya Mwenyezi Mungu, wala si mali yetu ya kuchezea. Wala asijifariji mtu kwamba chombo chake hakina bangi: nikotini nayo humtia kijana utumwani.

Vyombo hivi vimekwisha fika katika miji yetu, navyo vyapendeza macho na kunukia matunda. Wazazi wapendwa, msingoje kuulizwa na mganga. Waulizeni watoto wenu leo, kwa upole: Umepewa na nani? Ndani mna nini? Aliyekupa ajua? Na sisi sote tuuzao, tununuao na tugawao, tukumbuke kwamba siku ya hukumu hatutaulizwa tu tulijua nini. Tutaulizwa pia kwa nini hatukutaka kujua.