Mkubwa Naye Ahitaji Mshauri

Wako watu wasemao ya kuwa mtu akiisha kupewa ukubwa hafundishwi tena. Akiuliza, aonyesha upungufu wake. Je, ni kweli?

Wazee wa Ufipa husimulia ya kuwa zamani nchi ilikuwa ya Mwene wa Milansi. Kisha wakaja wanawake wa Kitwa kutoka mbali, wakakikalia kiti chake naye hayupo. Ukoo wao ukatawala Nkansi na Lyangalile. Lakini Milansi hakufutwa: aliachiwa heshima ya mambo ya matambiko. Hivyo hata mwenye enzi alikuwa na mtu ambaye heshima yake haikutoka kwake. Na huyo ndiye awezaye kushauri, maana alaye mkononi mwako hakuambii kweli upesi.

Mtazameni Yethro. Alimwona Musa akiamua watu tangu asubuhi hata jioni. Hakumnyang'anya kazi, alimwuliza kwa nini aketi peke yake, akamshauri awape wengine maneno madogo, kisha akarudi kwao. Musa hakupungua, na watu wakapata nafuu.

Siku hizi kazi hii imekuwa ufundi, hata Serikali ya Tanzania ilianzisha Taasisi ya Uongozi mwaka 2010. Lakini hakuna mshauri amfaaye asiyetaka kuulizwa. Wala atakaye kutawala kwa siri si mshauri.

Basi, ndugu, ni nani akuambiaye kosa lako bila hofu? Kama hayuko, usidhani huna kosa. Mtafute mtu huyo.