Hofu ya Kununuliwa

Mwaka 1975, katika jimbo la Florida nchini Marekani, ulifunguliwa mlima usiotokana na mwamba. Waitwa Space Mountain, nao umo katika bustani ya starehe ya Walt Disney World. Ndani yake mna giza, nyota za kuigiza, na reli ipandayo, ishukayo na kupinda ghafula. Watu hupakiwa katika vigari mfano wa vyombo vya angani, wakapiga mayowe, kisha wakarudishwa pale pale walipoanzia. Mwendo wao haufiki kilomita 50 kwa saa. Giza ndilo liuzidishalo, kwa kuwa kona isiyoonekana huogopwa kabla haijafika.

Nyanda za Juu Kusini zina mlima wa namna nyingine. Basi litokalo Mbeya kwenda Dar es Salaam, likisha kuipita Iringa, huteremka Kitonga kabla ya kufika Ruaha Mbuyuni. Upande mmoja ni jabali, upande wa pili ni bonde. Malori ya shehena hushuka kwa gia nzito, mengine polepole kuliko vigari vya Florida. Hata hivyo mazungumzo ndani ya basi hupungua, na midomo ya wazee huonekana ikicheza kwa dua.

Je, hofu hizi mbili ni moja? Moyo hauzitofautishi, hupiga vile vile. Wako wasemao kwamba kulipia kutishwa ni upuuzi wa walioshiba. Hukumu hiyo imepita haki. Mtoto arushwaye juu na mjomba wake hucheka angali hewani, na akidakwa hutaka tena. Huyo hakushiba kitu. Ajua tu kwamba mikono iko chini.

Tofauti, basi, imo katika hiari. Aogopaye kwa mchezo aweza kutoka mstarini kabla ya zamu yake, asipungukiwe na kitu. Mama ampelekaye mwanawe Muhimbili hana mlango wa kutokea. Hofu yake ni kama kodi atozwayo bila kuulizwa, na mikono iliyo chini yake ni breki za gari lisilo lake, ambazo hakuzikagua wala hangeweza. Lakini mama huyo akiinua sauti kumwomba dereva apunguze mwendo, hakosekani kijana nyuma wa kumcheka kuwa ni mwoga, kana kwamba wote waliomo wamekata tikiti ya mchezo mmoja.