Kungoja Jibu



Jumamosi moja, mafundisho yalipokwisha, kijana mmoja alibaki amekaa peke yake kwenye benchi la nyuma. Zamani nilimfundisha kusoma na kuandika katika shule yetu ya misioni hapa Fungurume. Sasa amekuwa mtu mzima, ana diploma ya Serikali, na mwaka huu ameandikwa kati ya wakatekumeni. Miezi mitatu imepita tangu alipopeleka karatasi zake, akiomba kuingia Akademia ya kijeshi ya Kananga, mahali wanapofundishwa vijana watakaokuwa maofisa wa jeshi letu. Jibu halijafika. Kila asubuhi hupanda juu ya kichuguu kikubwa kilicho nyuma ya nyumba yao, kwa maana hapo ndipo telefoni inaposikia. Kisha hushuka kimya.

Nikamwuliza, «Kijana wangu, una nini?»

Akanijibu, «Mwalimu, nimeapa moyoni mwangu. Jina langu likitoka, nitabatizwa siku ya Pasaka. Lisipotoka, nitajua ya kuwa Mungu hanitaki, nami nitaacha mafundisho. Tena kuna mtu mjini anayesema anaweza kuliingiza jina langu katika orodha, tukimpa matabishi. Mama anataka kuuza mbuzi wawili pamoja na mahindi ya mbegu.»

Sikumjibu upesi. Leo namjibu mbele yenu nyote, naye ameniruhusu, kwa maana ninyi pia ni watu wanaongoja.

Kwanza, nia yake si mbaya. Siku ya 3 Novemba 2022, Rais Tshisekedi aliwaita vijana wajiandikishe jeshini kwa ajili ya vita vya mashariki, na wengi waliitika. Januari 2025 mji wa Goma ulitwaliwa, na mwezi uliofuata Bukavu. Kijana anayesikia habari hizo na kutaka kuilinda nchi yake, asidharauliwe. Mtaguso wa pili wa Vatikano ulifundisha mwaka 1965 ya kuwa askari anayetimiza kazi yake kwa haki ni mtumishi wa usalama na uhuru wa watu. Na askari walipomwendea Yohane Mbatizaji kumwuliza wafanye nini, hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia wasimnyang'anye mtu kwa nguvu, wasimsingizie mtu, waridhike na mshahara wao. Hata Katiba yetu ya 2006, katika kifungu cha 28, yasema hakuna anayelazimika kutii amri iliyo wazi kuwa ni kinyume cha sheria. Basi kazi hiyo yataka mtu mwenye dhamiri. Na dhamiri haigawiwi pamoja na nguo za kijeshi. Mtu huja nayo kutoka kwao.

Pili, tutazame namna ya kungoja. Wazee husema, subira yavuta heri. Lakini wako wanaodhani kuwa subira ni kukaa kitako na kutazama njia. Fungueni Matendo ya Mitume, sura ya 10. Huko Kaisaria palikuwa na akida wa jeshi la Roma, jina lake Kornelio. Hakuwa amebatizwa, lakini alisali daima na kuwasaidia maskini. Siku moja, saa tisa ya mchana, malaika alimtokea, akamwagiza atume watu Yopa wakamwite Petro. Kati ya siku ile na siku ya kufika Petro zilipita siku nne. Je, Kornelio alifanya nini katika siku hizo? Aliwakusanya jamaa zake na rafiki zake wa karibu, na Petro alipofika alikuta nyumba imejaa watu walio tayari kusikiliza. Laiti angalikaa mlangoni tu akihesabu siku, Petro angalimkuta peke yake. Lakini kwa sababu alingoja vema, wengi walibatizwa pamoja naye.

Yuko na mwingine, tena huyu ni mwenzenu hasa, kwa maana alikuwa askari na mkatekumeni kwa wakati mmoja. Martino alizaliwa katika karne ya 4, katika nchi ambayo leo ni Hungaria, na baba yake alikuwa ofisa wa jeshi la Roma. Alipokuwa na miaka 10 alikwenda kanisani akaomba aandikwe mkatekumeni, ingawa wazazi wake hawakupenda. Alipofika miaka 15 alitiwa jeshini, kwa sababu sheria ya Kaisari iliwalazimisha wana wa askari. Siku moja ya baridi kali, penye lango la mji wa Amiens, katika nchi ya Ufaransa ya leo, alimwona maskini aliye uchi. Watu walipita wakimwacha. Martino hakuwa na fedha. Akachomoa upanga, akalikata joho lake vipande viwili, akampa maskini kimoja. Usiku ule aliota ndoto, akamwona Yezu amevaa kile kipande cha joho, akiwaambia malaika ya kuwa Martino, ambaye ni mkatekumeni tu, ndiye aliyemvika.

Sikieni neno hili, ndugu zangu: mkatekumeni tu! Martino hakusema, «Nitakuwa na huruma nikiisha kubatizwa.» Aliishi Kikristu kabla ya maji kumwagwa kichwani pake, akabatizwa akiwa na miaka 18. Baadaye aliacha jeshi, na mwaka 371 akawa askofu wa Tours. Kila mwaka siku ya 11 Novemba Kanisa lamkumbuka. Hapa kwetu wakati huo mvua zimeanza, na kila mtu mwenye akili yuko shambani.

Tatu, habari za matabishi. Hapa sina budi kukiri jambo langu mwenyewe.

Mwaka nilipomaliza sekondari, mimi pia niliomba kuwa ofisa. Akaja mtu, aliyejisifu kuwa anawajua wakubwa. Baba yangu, Mungu amrehemu, aliuza baiskeli yake, ile aliyobebea makala kupeleka sokoni, akampa fedha zote. Tukaambiwa tungoje majuma mawili. Mvua zikaanza, na jembe langu likabaki limetundikwa ukutani, kwa maana nilijiona nimekwisha kuwa ofisa. Ofisa atalimaje mahindi? Jibu halikuja, wala yule mtu hatukumwona tena. Mwaka ule tulikula bukari ya kuomba kwa jirani, na baba alikwenda sokoni kwa miguu mpaka alipokufa.

Lakini baiskeli haikuwa hasara kubwa kuliko zote. Kwa miaka mingi, kila nilipoona kijana aliyekubaliwa mahali, nilisema moyoni, «Huyu naye amenunua.» Aliyejaribu kununua haamini tena kuwa yuko mtu aliyepata kwa haki. Tena fikirini: kama ningalifaulu, ningalikuwa ofisa wa namna gani? Aliyenunua kiti chake atataka fedha yake irudi. Ataitoa wapi, isipokuwa katika mshahara wa askari walio chini yake, au penye kizuizi cha barabara, mikononi mwa mama anayebeba gunia la makala? Lile ndilo neno la Yohane Mbatizaji, nami nilikuwa tayari kulivunja kabla sijavaa hata kofia.

Mwenzetu wa Goma alichagua njia nyingine. Floribert Bwana Chui alikuwa mtumishi wa ofisi ya Serikali inayokagua bidhaa. Walimletea fedha ili aache mchele ulioharibika upite na kuuzwa kwa watu. Akakataa. Mwaka 2007 wakamwua, akiwa na miaka 26. Siku ya 15 Juni 2025, huko Roma, Kanisa lilimtangaza kuwa Mwenyeheri. Hakuwa padri wala mtawa. Alikuwa kijana aliyekaa ofisini, kama vile wengi wenu mnavyotamani kukaa.

Nne, na hili ndilo kubwa. Yule kijana alitaka kumpa Mungu sharti: unipe Kananga, nami nitakupa roho yangu. Ndugu zangu, hayo pia ni matabishi. Tofauti ni kwamba yule mtu wa mjini anaweza kupokea mbuzi, lakini Mungu hapokei rushwa. Reli inayopita Tenke, si mbali na hapa, inagawanyika: njia moja yaenda Kolwezi na Dilolo, nyingine yaenda Kamina, Kananga mpaka Ilebo. Asiyepewa nafasi ya kwenda Kananga hajatupwa na Mungu. Na anayekwenda Kananga hajapata mbingu. Orodha ya akademia ina nafasi za kuhesabiwa, na wako vijana wema watakaoachwa. Siku ya Dominika ya kwanza ya Kwaresima, majina yenu yataandikwa katika Kitabu cha Wateule. Huko hakuna aliyeachwa kwa sababu nafasi zimejaa.

Jumapili jioni nilikwenda kwao. Nilimsalimu mama yake, nikamwambia, «Mama, mimi ndimi mtoto wa yule mzee aliyeuza baiskeli.» Alinitazama kwa muda mrefu. Alikuwa akiijua habari ile, ila hakuwa amejua sababu yake. Akaenda, akafungua zizi, akawatoa mbuzi wake kwenda malishoni, wala hakusema neno.

Kijana bado anangoja. Asubuhi hupanda kichuguu chake, nami simkatazi. Kisha huchukua jembe. Jioni huwasaidia watoto watatu wa jirani kuhesabu. Kiapo kile amekifuta. Hajui kama atakwenda Kananga, lakini amesema atakuwapo siku ya Pasaka. Nami namwombea yote mawili.

Maswali ya kujiuliza nyumbani:

1. Je, ninangoja jambo gani sasa, na kazi gani nimeiacha kwa sababu ya kungoja?

2. Je, nimemwekea Mungu sharti lolote?

3. Ni nani jirani yangu aliye uchi au mwenye njaa, ambaye namwambia, «Ngoja kwanza nibatizwe»?

Tusali: Ee Bwana, unayejua majina yetu kabla hayajaandikwa na mtu, utufundishe kungoja mikono yetu ikifanya kazi. Uwalinde vijana wetu wasinunue wala wasinunuliwe. Uwape askari wetu moyo wa haki, na nchi yetu amani. Amina.