Milki ya Chombo na Haki ya Mabega

Katika kisa cha Nabii Musa na yule mja mwema ambaye wanavyuoni wengi wamemwita Khidhri, kisa kilichomo katika Sura ya Al-Kahf, wasafiri wale wawili walipanda safina, na yule mja akaitoboa. Na Musa, aliyemlaumu papo hapo, akaja kuelezwa mwishoni kwamba safina ile ilikuwa ya masikini waliokuwa wakifanya kazi baharini, na kwamba mbele yao palikuwa na mfalme aliyekuwa akiteka kila safina kwa nguvu, hivyo dosari ile ndiyo iliyoinusuru. Wasomaji aghalabu husita kwenye hekima ya yule mja. Mimi hunisimamisha jambo jingine, nalo ni kwamba watu wale waliitwa masikini ilhali safina inatajwa kuwa ni yao. Mafakihi nao hawakulipita jambo hilo. Wafuasi wa Imamu Shafii, ambao madhehebu yao ndiyo yaliyoenea pwani yetu na kuingia bara pamoja na misafara, waliishika aya hiyo kuwa hoja kwamba miskini ana nafuu kuliko fakiri, maana aweza kuwa na chombo na bado chumo lisimtoshe, na kwa ajili hiyo hanyimwi zaka kwa sababu tu ya kuwa nacho. Wenye kupinga, na hasa Mahanafi, walijibu kwamba pengine safina haikuwa milki yao. Pengine waliajiriwa humo au waliazimwa, ikanasibishwa kwao kwa kuwa wao ndio walioihudumia. Sina kimo cha kuamua baina ya maimamu. Lakini swali waliloliacha wazi ni kubwa kuliko mlango wa zaka: je, chombo huwa cha mtu kwa kukilipia, au kwa kukibeba?

Huku kwetu, katika nchi hii ya almasi na dhahabu iliyo baina ya Shinyanga na Geita, swali hilo halikai vitabuni. Ziwa la Nyanza liko karibu, bahari iko mbali, na chombo chochote kitokacho ng'ambo kikitaka kuelea Nyanza hakina budi kusafiri kwanza juu ya nchi kavu, katika vumbi na jua, kikiwa mzigo kabla ya kuwa chombo. Njia ipandayo kutoka Dar es Salaam kupitia Dodoma, Singida na Nzega hugawanyika pale Tinde, mkono wa kushoto ukielekea Isaka na Kahama, na njia ya mbele ikielekea Shinyanga mjini na Mwanza. Na tangu tarehe 19 Juni 2025, lilipofunguliwa daraja la Kigongo na Busisi lenye urefu wa takriban kilomita 3, aendaye Geita kwa njia hii ya pili hangoji tena kivuko. Boti ya kiasi, yenye chumba cha kulala watu wawili au watatu, jiko dogo na choo, urefu wake futi 26 au 28, ikiwekwa juu ya trela pamoja na injini na mafuta yake hufika tani 3 hata 4. Uzito huo una sheria yake. Sehemu yake, yapata moja ya kumi, sharti ilalie mbele, juu ya ndoano ya gari. Mzigo ukirudishwa nyuma, trela huanza kuyumba kwenye mteremko, na ikishayumba haimsikilizi dereva wala breki. Mikanda hukazwa, kisha hukazwa tena baada ya mwendo mfupi, kwa kuwa boti hujipanga upya kila barabara inapoichezesha. Gari linaposimama, mwenye boti hushuka kunyoosha miguu, bali utingo hupiga magoti, akaingiza mkono baina ya chuma na mpira, akagusa kitovu cha kila gurudumu kwa mgongo wa kiganja, kwani beringi iliyoishiwa grisi hujitangaza kwa joto kabla ya kuvunjika, na anayeijua habari hiyo mapema ni yule tu aliyekubali kuunguza mkono wake. Nimemwona kijana akilifanya hilo gurudumu kwa gurudumu, bila ya kuagizwa, na nikajua kwamba mtu mwenye khabari kamili ya boti ile ni yeye.

Wala si jambo jipya katika ardhi hii. Mwanzo wa mwaka 1875 Henry Morton Stanley alipita Usiha, ambayo leo imo katika mkoa wa Shinyanga, akielekea Nyanza na mashua yake iitwayo Lady Alice, iliyoundwa Uingereza kwa urefu wa futi 40, ikakatwa vipande ili ibebwe na wapagazi. Vipande vilipofika Unguja vilionekana ni vizito mno kwa mabega ya binadamu, ikabidi fundi avigawe upya kabla ya msafara kuondoka Bagamoyo mwezi Novemba 1874. Njia za wakati huo zilikuwa za mguu mmoja nyuma ya mwingine, nyembamba kiasi cha mtu na mzigo wake wa kichwani, na kipande cha mashua hakipiti hapo. Basi palipokuwa na kichaka ilipasa kifyekwe, na waliobeba vipande wakawa wa mwisho kufika kambini. Waliotoka Bagamoyo walizidi 350. Waliohesabiwa Kageye, ufukweni, mwisho wa Februari, hawakufika nusu yao, wengine wakiwa wamekufa kwa njaa, kwa maradhi na kwa vita vya Ituru, wengine wametoroka. Waliobeba wengi wao walikuwa Waungwana wa Unguja, Waislamu kwa jina na wengi kwa ibada pia. Mashua ilipewa jina la msichana wa Marekani aliyekuwa mchumba wa mwenye safari, naye akaolewa na mtu mwingine kabla safari haijesha. Ni haki kusema kwamba Stanley aliyaandika kitabuni majina ya watu wake waliokufa, jambo ambalo si kila msafiri wa zama zake alilijali; lakini mashua ilipochoka, ikaachwa juu ya miamba karibu na maporomoko ya Isangila katika mto wa Kongo, mwisho wa Julai 1877, wale wale waliosalia ndio walioibeba mara ya mwisho hata hapo, nao hawakuwa na neno katika habari ya kuiacha, kama vile hawakuwa na neno katika habari ya kuileta.

Miaka ipatayo 40 baadaye, katika vita vikuu vya kwanza, Waingereza walileta boti mbili za injini, Mimi na Toutou, kila moja yapata futi 40, wakazishusha kwenye reli huko Katanga na kuzikokota kupitia milima ya Mitumba kwa mashine za mvuke na kwa ng'ombe, wapate kupigana na Wajerumani katika Ziwa Tanganyika. Mashine za mvuke hunywa maji mengi, na mlimani hakuna maji. Wanawake wa vijiji vya njiani wakayachota na kuyapandisha vichwani. Tarehe 26 Desemba 1915 manowari ya Kijerumani Kingani ilitekwa, na kamanda wa boti za Waingereza, Spicer-Simson, akatunukiwa nishani. Ushindi ule ulipitia katika mitungi ya wanawake ambao hakuna daftari ninalolijua lililowataja.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaosema kwamba milki ni risiti. Watu wa kanda hii wana desturi zao zinazowakanusha. Msukuma mwenye mifugo mingi huweka baadhi ya ng'ombe kwa jamaa au rafiki, na mlezi hunywa maziwa na kutumia samadi, wala hakuna anayemwita mwizi. Mnyama ni wa mmoja, manufaa yake ni ya wawili, kama mafakihi walivyotenga umiliki wa kitu chenyewe na umiliki wa manufaa yake. Katika mialo ya Geita tajiri wa mtumbwi hupata fungu lake na wavuvi fungu lao baada ya kuondoa gharama za mafuta na taa. Machimboni, mawe yakitoka katika duara, yaani shimo la uchimbaji, hugawanywa kwa mifuko baina ya mwenye eneo, mwenye duara na wanaapolo, wachimbaji walioshuka. Sisemi mafungu hayo ni ya haki kila mara; mara nyingi si ya haki, na anayeshuka chini ya ardhi hupata kidogo kuliko anayekaa kivulini. Lakini asili ya ugawaji ni kukiri kwamba mkono ulioshika kazi umepata sehemu katika kitu, si katika ujira peke yake.

Nitaambiwa kwamba aliyelipa ujira hadaiwi. Mbele ya kadhi ni kweli, ikiwa alilipa kwa wakati na kwa mapatano yaliyo wazi. Hata hivyo mlango wenyewe wa ijara, yaani wa kukodi na kuajiri, umeweka mpaka ambao matajiri wengi hawaujui: aliyekodi mnyama kwa mzigo maalumu kisha akazidisha, huwajibika kwa ile ziada, na mnyama akiangamia kwa sababu yake hubeba dhamana. Ikiwa punda ana haki hiyo, utingo aliyeambiwa kwamba boti ni tani 2, ikawa 4 baada ya matangi kujazwa na makabati kupakiwa vinywaji, haki yake ni ipi? Na vijana 15 waliokodiwa ufukweni kuisukuma trela iliyozama matopeni, kwa bei iliyotajwa kabla ya wao kuona matope, je, mapatano yao yalikuwa ya hiari au ya njaa? Mbele ya Mola hesabu haikomi pale inapokoma mbele ya kadhi, na mafakihi walilijua hilo walipotenga hukumu ya mahakamani na dhima ya mtu katika dini yake.

Simwonei kijicho mwenye boti. Kupumzika juu ya maji si haramu, na mtu aliyechuma kwa halali ana ruhusa ya kulala ziwani na kuamka kwa upepo wa Ukerewe. Ninalomtaka ni jepesi kutamka na zito kutenda: uzito wa kweli utajwe kabla ya ndoano kufungwa, utingo awe na sauti ya kusimamisha gari asemapo kitovu kina moto, na asikatwe fedha kwa saa zilizopotea, na trela ikisharudishwa majini, kizibo kikakaguliwa, mikanda ikafunguliwa na boti ikaelea, wale walioisukuma walipwe pale pale ufukweni, miguu yao ingali na matope, kabla injini haijawashwa, badala ya kuambiwa wangoje mpaka tajiri arudi matembezini.