Mfupa wa Mguu Katika Taya

Suala la kama inamfaa binadamu kuurekebisha uso alioumbwa nao huulizwa kwa haraka na kujibiwa kwa haraka zaidi, na mara nyingi wanaolijibu huwa hawajamtofautisha anayeikimbia sura aliyopewa na anayetaka kurudishiwa sura iliyoliwa na maradhi. Upasuaji unaojadiliwa hapa ni wa huyu wa pili. Mwenye ameloblastoma, yaani uvimbe wa taya unaotokana na chembe zinazotengeneza meno, hukatwa sehemu ya taya pamoja na uvimbe wenyewe, kisha pengo huweza kuzibwa kwa fibula, mfupa mwembamba wa upande wa nje wa mguu chini ya goti, ambao hutolewa ukiwa na mishipa yake ya damu, hukatwa vipande ufuate mpindo wa taya, na mishipa hiyo huunganishwa na ile ya shingoni chini ya hadubini kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Hapo ndipo kazi hii inapotofautiana na kiraka cha kawaida cha ngozi, ambacho hakiji na mshipa wake bali hungoja kulishwa na kidonda kinapobandikwa.

Isevya, kata ya mji wa Tabora, ni mahali pafaapo kulitazamia suala hili, kwa kuwa mji huo uliokua juu ya njia ya misafara ya Bagamoyo na Ujiji umewalea Waislamu na Wakristo pamoja, na dini zote mbili zina la kusema. Kwa Waislamu, pingamizi lenye uzito hutokana na Aya ya 119 ya Sura An-Nisaa, inayotaja kubadili maumbile ya Mwenyezi Mungu kuwa miongoni mwa mambo ambayo Shetani huwaamrisha watu. Hata hivyo ipo hadithi ya Arfaja bin As'ad, iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi, kwamba alikatwa pua katika vita vya Kulab, akajiwekea pua ya fedha, ikanuka, na Mtume akamwamuru aweke ya dhahabu. Nguvu ya hadithi hii haipo katika pua peke yake, bali katika dhahabu, kwani dhahabu ni haramu kwa mwanamume kujipamba nayo, na bado katazo hilo lililegezwa; basi ikiwa madini yaliruhusiwa, nyama na mfupa wa mtu mwenyewe vina haki zaidi ya kuruhusiwa. Mwaka 1988, huko Jeddah, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu liliamua kwamba kuhamisha kiungo kutoka sehemu moja ya mwili wa mtu hadi nyingine ya mwili uleule kunajuzu, mradi manufaa yayazidi madhara. Sharti hilo linatimia hapa, maana mguu hubakiwa na tibia, mfupa mkubwa unaobeba karibu uzito wote, na mgonjwa hutembea tena. Katika Kanisa Katoliki, Papa Pius XII alifundisha mwaka 1952 kwamba kiungo kipo kwa ajili ya mwili mzima, hivyo chaweza kutolewa kwa faida ya mwili huo, na kwa njia hiyo nyingine hufikiwa hukumu ileile.

Lakini ruhusa ya sheria ya dini haimalizi swali la falsafa: je, uso huo ni wake? Waswahili husema aliyefedheheka hana uso wa kuwatazama wenzake, na hivyo kwao uso si ngozi tu, ni nafasi ya mtu mbele ya watu. Tena nyama iliyohamishwa haisahau ilikotoka. Ngozi ya mkono iliyoshonwa ndani ya kinywa huweza kuendelea kuota vinyweleo, na ile iliyotoka tumboni pamoja na mafuta yake hunenepa mwenyewe anaponenepa. Atakaye angeweza kuhitimisha kwamba uso huo ni wa bandia.

Hoja hiyo hudhani kwamba mtu ni umbo lake la kwanza, na dhana hiyo ilikanushwa na msafara mmoja uliopita Unyanyembe, nchi ya Tabora, mwezi Oktoba 1873, ambapo Chuma, Susi na wenzao walikuwa wakiubeba mwili wa bwana wao, mmisionari na mvumbuzi David Livingstone, aliyekuwa amekaa katika tembe la Kwihara, karibu na Tabora, mwaka mmoja tu kabla. Mwili ulikuwa umekaushwa kwa chumvi na jua, na ulipofika London mwaka 1874 daktari mpasuaji William Fergusson hakuutegemea uso; aliutazama mfupa wa mkono wa kushoto, uliovunjwa na simba mwaka 1844 na usiounga sawasawa. Mtu huyo alitambuliwa kwa jeraha, si kwa umbo alilozaliwa nalo. Kwa kipimo hicho, taya iliyojengwa kwa fibula, pamoja na kovu lake la shingoni na lile la mguuni, ni taya ya mwenyewe, na anayeiita bandia amekosea.